Vidato

Ukiniuliza naogopa nini, nitakwambia: urefu.
Ukiniuliza kazi yangu, nitakwambia: injini za ndege,
uwanja wa Malindi, lile banda la mabati,
mwaka wa kumi na moja sasa,
na sijawahi kuruka na hata moja.

Nasafiri kwa basi. Dada yangu Sidi hucheka
mpaka chai inamwagika: "Mpishi asiyeonja!"
Namwacha. Alikuwa hajajua kutembea siku ile, kule Ganda.

Baba alikuwa mgema. Minazi arubaini,
kila mmoja na vidato alivyochonga kwa panga lake,
akivijua kwa nyayo, alfajiri, gizani,
kama ujuavyo kizingiti cha kwenu.
Siku moja akapanda mnazi wa mtu.
Vidato vya mtu. Hakuvigonga, hakuvipima.
Cha saba kilikuwa kimeoza kwa ndani.

Watu wakasema urefu umemuua Tsofa.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilikiokota kipande kilichomeguka,
kikasagika kiganjani kama mkate wa juzi.
Kichwa kikajua si urefu.
Magoti hayajajua hadi leo.

Basi, kabla jua halijachoma mabati,
naiosha injini kwa maji matamu,
maana chumvi ya pwani haibishi hodi:
huingia, hukaa, hula chuma polepole
kama deni la dukani.
Nachomoa kisumaku kilicholala ndani ya mafuta.
Kikitoka safi, nashukuru kimoyomoyo.
Kikitoka na unywele wa chuma, hata mmoja,
ndege hairuki,
hata mwenyewe apige simu mara ishirini.
Kamera nyembamba kama mkia wa panya naipitisha tumboni,
natazama visu vyake vya ndani, kimoja, kimoja.
Spana ya kipimo hulia *kak*. Nati imefika.
Kisha Mwaringa huja kupima upya,
kwa kuwa jicho huipenda kazi yake lenyewe.
Halafu kitabu: saa, tarehe, jina.
Jefwa Tsofa.
Jina la baba, chini ya kila safari.

Jumanne moja, ile ndogo ya injini moja,
abiria watano wa Lamu wameshaketi,
wa sita ameshika ngazi, hapandi, habanduki.
Bi Mwanatumu, mkunga wa Mkomani.
Bintiye ameshikwa na uchungu tangu usiku
na barabara ya Witu imekatwa na mvua.
"Nani aliyeifunga hini?"
Rubani akaninyooshea kidole.
Nikaja na grisi yangu. Akaugeuza mkono wangu,
akakagua kucha, kama anayetafuta homa.
"Na wewe umeipanda?"

Nikanyamaza.

"Nimezalisha watoto mia nne, mwanangu.
Sijamwambia mzazi hata mmoja *sukuma*
nami nimesimama mlangoni."

Ngazi ile ina vidato vitatu.
Nilikigonga kila kimoja kwa kisigino.

Sikutazama nje. Nilitega sikio
kwenye ukuta unaotetemeka,
nikaisikia sauti niijuayo chini, sasa juu,
haijabadilika, haijui kwamba tumeondoka ardhini:
ile ile, nene, isiyo na kokoto ndani.
Bi Mwanatumu amefumba macho,
kucha zake zimezama katika ovaroli yangu.
Ndege ikainamia upande wa Ganda,
shingo ikanigeuka bila ruhusa yangu,
nikaviona vichwa vya minazi.
Kutoka juu.
Makuti yamefunguka kama viganja,
dafu changa zimejificha katikati,
na vibuyu vya tembo vikining'inia, vya mgema nisiyemjua.
Hivi ndivyo alivyoviona kila siku, mzee wangu,
na hakuwahi kutusimulia.

Tuliposhuka Manda alikuwa ameshakimbilia gatini,
kiatu kimoja mkononi. Hakuniaga.

Nilirudi kwa basi, barabara ilipofunguka, siku ya tatu.
Sidi bado anacheka.