Uzito wa Tikhon

Nilimbwaga Tikhon Zarubin mara mia mbili na kumi na moja.
Hesabu si yangu. Aliiweka yeye, kwa penseli,
nyuma ya kalenda ya kiwanda cha bia,
na kando ya kila alama jina la mji:
Graz, Linz, Bremen, Hanover,
Graz tena.

Kwenye mabango aliitwa Dubu wa Siberia.
Siberia hakuijua. Kwao Taganrog,
kando ya bahari ya maji ya magotini, ambako watoto
hula tikiti mpaka tumbo liwe ngoma,
na baridi ya Novemba ilimtoa machozi kama kichanga.
Lakini promota wetu, Kolbitsch, alikuwa amenunua ngozi ya dubu
kwenye mnada wa hoteli iliyofilisika,
ngozi inayonuka naftalini na sigara za wageni,
na ngozi ikishalipiwa, hutafutwa wa kuivaa.

Picha yake akiwa ndani ya ngozi ilimfikia mama yake
kwa mkono wa binamu wa Riga.
Jibu lilichukua miaka miwili:
*Nimeona. Ifunge vizuri shingoni, usipate mafua.*

Mimi nilikuwa Alois, mwana wa mwashi, kijana wa nyumbani,
kaptula nyeupe, nywele zimelala kwa mafuta.
Kazi yangu kushinda, yake kuchukiwa,
na alichukiwa kwa ufundi, kama seremala apigaye randa,
hapa kidogo, pale kidogo, mpaka ukumbi ulainike.
Mjane mmoja wa Linz alimchoma paja
kwa pini ya kofia, kila Jumanne.
Walipotaka kumfukuza, Tikhon alikataa.
"Mwekeeni kiti cha mbele," alisema.
"Mwanawe alibaki kwetu, chini ya theluji."

Sasa niseme lile tulilokatazwa kusema.
Anayeinuliwa ndiye anayeinua.
Nilipomshika kiuno, kabla sijavuta pumzi,
yeye alikwisha kuruka. Kilo mia na ishirini na nane
zikapanda begani kama shuka inayoanuliwa kambani,
watu wakasimama juu ya viti wakiliita jina langu,
nami, mpumbavu wa miaka ishirini na mitatu, niliamini
ile nguvu ni yangu.

Bremen, msimu wa mvua, turubai linavuja.
Niliteleza naye akiwa hewani.
Shingo yangu ndiyo iliyokuwa chini.
Nilisikia goti likitangulia, lake,
sauti ndogo tu, kama mtu avunjaye biskuti chumba cha pili.
Akalala chali. Akaninong'oneza kwa Kijerumani chake kibovu:
"Nilalie, mjinga. Refa anahesabu."
Nikamlalia. Moja, mbili, tatu.
Nikapewa shada la maua na soseji ya mita nzima.

Asiyekubali kushindwa si mshindani:
waliosema hivyo waliwaza usiku mmoja,
mtu ainame, apeane mkono, arudi kwake.
Hawakumwaza aliyekubali kila siku saa tatu na nusu,
Jumapili mara mbili,
kwa miaka kumi na tisa, kwa mshahara nusu ya wangu.
Na supu ya kabichi aliilipia yeye.

Siku hizi nafika kwenye nyumba ya wazee saa tano asubuhi.
Branka, muuguzi, ana mgongo mbovu,
basi mimi ndiye nimtoaye kitandani hadi kitini.
Nampitishia mikono kiunoni, palepale pa zamani,
nangoja aruke.

Haruki.
Kilo sitini na moja, kwa mizani ya Branka,
na mifupa yangu yote yalalamika.
Mara ya kwanza maishani nimembeba Tikhon Zarubin.
Ni mzito. Mungu wangu, jinsi alivyo mzito.

Ananiona nikitetemeka kidevu.
"Usinitazame mimi," anasema. "Tazama watu."

Nageuka. Yupo Branka tu, na trei ya uji.