Waya Mwekundu

Redio ya Mama Ngoie ililetwa Jumatatu
imefungwa kitenge, kama mtoto mwenye homa.
"Imenyamaza," akasema. "Siku tisa sasa."
Hakuniangalia. Alikuwa akitazama viatu vyake,
na vumbi jekundu la Katuba juu yake.

Nikaifungua. Betri mpya,
spika haijaguswa na panya.
Waya mmoja tu, mwekundu, wa sauti,
si kwa kutu, si kwa uchakavu:
umekatwa kwa wembe, sawasawa, kama kitovu.

Sikumwuliza.
Najua ana mtoto Goma, Monga, fundi wa magurudumu,
ambaye simu yake ya mwisho ilisema tu,
"Mama, msile fungu langu la bukari,"
kisha ikakatika.
Najua alfajiri ni habari,
saa sita habari,
jioni habari zilezile zimevaa koti jingine,
na kila mara idadi, idadi,
wala hakuna idadi hata moja yenye jina.

Na mimi, niseme kweli,
redio za watu huzijaribu kwa taarifa ya habari,
maana muziki huficha kasoro, sauti ya mtu haifichi.
Redio kumi kwa siku. Vita kumi kwa siku.
Mke wangu anasema usiku vidole vyangu
hutafuta stesheni juu ya blanketi.

Nikapasha moto chuma cha kulehemu.
"Hii ni risasi, Mama. Tazama."
Ikayeyuka, ikawa tone, ikashika waya pande zote mbili.
Akainua uso.
"Risasi? Ndiyo hiyohiyo?"
"Jina ni moja."
Akanyamaza kitambo.
"Basi unga. Lakini usiipe nguvu.
Iwe ya kuinamia."

Sasa huja kibandani kila saa sita.
Tunaisikiliza mara moja tu, vichwa vimekaribiana
kama watu wanaosengenya.
Taarifa ikisha, anazima mwenyewe.
Kidole kinatetemeka, lakini kinazima.
Halafu anafungua kitenge, anatoa hindi la kuchoma,
analivunja, ananipa nusu.

Jana alilivunja mara tatu.
Sikumwuliza.
Kile kipande cha tatu tulikiacha mezani,
kando ya risasi,
mpaka kikapoa.