Mbele ya Friji, Saa Nane za Usiku

Friji ya nyumba ya kupanga inakoroma kama paka mzee.
Nimesimama peku, mlango wazi,
mwanga umenimwagikia miguuni,
nami sijui kama nina njaa.

Usicheke. Kule shambani,
juu ya mkono wa bahari uliopenya milimani,
ilikuwepo kengele.
Ikilia mara moja, tuna usingizi.
Ikilia mara mbili, tuna njaa.
Ikilia mara tatu, tumekosa,
na Ndugu Eivind atatueleza tulichokosa.
Miaka ishirini na sita
tumbo langu halikuulizwa neno.

Sikutoka kwa ushujaa.
Nilitoka kwa kuumwa jino.
Walinileta Molde kwa daktari, wawili wakinisindikiza,
na mama wa mapokezi, miwani puani,
akanisukumia karatasi:
"Jaza mwenyewe. Hawa wasubiri nje."

Jina.
Waliniita Dada wa Nne.
Nikaandika Ingunn, nikasahau n moja,
nikarudi kuiweka.
Unaumwa wapi?
Hapo kalamu ilinigomea.
Maana kule ukisema unaumwa,
unaambiwa si hapo, ni moyoni,
na moyoni ni pa Ndugu Eivind.

Mlango wa nyuma ulitokea kwenye maegesho.
Theluji ilikuwa inayeyuka, chafu, nzuri mno.

Nasikia mezani sahani yangu imefudikizwa,
kama ya marehemu.
Torhild, pacha wangu, ndiye hupangusa vumbi juu yake.
Barua zangu kwake hurudi hazijafunguliwa,
ila moja ilirudi
ukingo wake umeloa na kukauka.
Hiyo ninayo.

Jino liling'olewa zamani,
ulimi bado unalitafuta.

Mengine nimeyajua polepole:
kwamba jibini la kahawia silipendi,
nililila kila alfajiri nikalitolea shukrani;
kwamba nacheka kwa sauti nene;
kwamba bado naomba, siku nyingine,
kwa maneno yangu, yasiyo na mpangilio,
na hakuna anayenisahihisha.

Basi natazama. Mayai matatu. Nusu kitunguu.
Maziwa yanayokaribia kuharibika.
Naweka kiganja tumboni, nasubiri,
kama mtu anayebisha hodi
nyumba asiyojua kama ina watu.

Kimya.
Halafu jibu, kutoka chini kabisa, kwenye vidole:

si njaa.
Ni baridi.

Nikafunga friji
nikaenda kutafuta soksi.