Januari Mosi

Kila ikiwashwa, mashine hii huapa
kwamba leo ni Januari mosi, elfu mbili na tisa.
Haina habari na mvua ya jana,
wala bei ya unga, wala kaburi.
Shaame alikuwa akicheka: "Njoo uone, Riziki,
tumeamka vijana tena,"
kisha anairekebisha saa kwa kidole kimoja.
Kesho inarudi kule kule.

Faki wa Limbani kaifungua kwa bisibisi ya miwani.
Ndani: vumbi, unywele mweupe mmoja,
na chungu aliyefuata sukari ya chai akafia njiani.
"Shangazi, mfumo huu umezeeka,
hata benki haikubali kusema nao.
Tutie mwepesi. Mkubwa haiubebi."
Akachomoa betri ndogo kama kifungo cha kanzu,
akapachika nyengine. Elfu mbili, na soda.

"Pana cha kuhifadhi?"
Nikamwambia ngoja.
Alama za kidato cha pili C.
Mchango wa kisima cha Jadida: nani katoa, nani kaahidi.
Barua ya kuomba chaki, imeandikwa mara saba,
kila mara kwa adabu zaidi.
Na faili liitwalo "mwisho",
jengine "mwisho kabisa",
jengine "mwisho ndio huu".
Yote matatu ni hesabu ya paa la jikoni.
Vyote vikaingia kwenye flashi
isiyozidi ukucha wa kidole gumba,
na nafasi ikabaki.
Nilidhani itajaa.

Tulianza baada ya isha. Asilimia kumi na mbili.
Betri kubwa haishiki chaji,
na Wete umeme hauagi unapoondoka.
Faki kaenda kula. Mimi nimeishika plagi ukutani isilegee.
Thelathini na saba.
Thelathini na saba.
Taa ikafifia; jirani anapiga pasi.
Nikamwita dirishani: "Mwanaidi, pasi iache hadi kesho,
nna mtu hapa, yuko baina."
Hakuuliza. Akazima.

Sitini. Tisini. Kisha skrini ikawa kiza
nikajiona mwenyewe, na mtandio umeteleza.
Ikawaka kwa sauti nisiyoijua,
ikaenda kuuliza saa huko zinakoulizwa saa,
ikarudi na siku, mwezi, mwaka.
Imeshajua.
Nilikuwa nikiogopa kuiambia mimi.

Chini ikaandika: Jina la mtumiaji?
Kidole kikaenda palipo S, kwa mazoea.
A haionekani tena, Kiswahili kimeila,
maana neno gani letu halipiti pale?
Nikafuta.
I imechujuka. K imebaki nusu.
Lakini R na Z nyeupe pe,
kama siku ilipotoka dukani Darajani.
Nikazibonyeza polepole.
Z ilikuwa ngumu kidogo.