Kontena Namba Hamsini na Sita

Nilitumwa na manispaa nikiwa na mtungi wa gesi,
miwani ya kuchomelea na karatasi yenye mhuri:
kontena namba hamsini na sita, Gyumri, kando ya reli,
likatwe, lipimwe, liuzwe kwa kilo.
Mwenyewe ameshapewa fleti, ghorofa ya tatu,
ina maji moto, ina dirisha la kuotea jua.
Miaka thelathini na mitatu ndani ya bati, basi, imetosha.

Nikamkuta hajafunga hata sanduku moja.
Bibi Haykanush alikuwa amechuchumaa thelujini,
beseni la saruji kati ya magoti,
anapachika kishikio cha kikombe cha buluu.
"Ngoja ikauke," akaniambia,
kama vile mimi ni kibarua wake niliyechelewa.

Ubavu mzima wa kontena ulikuwa vigae.
Si vya dukani. Vya vikombe, vya sahani, vya mabakuli ya supu,
vifuniko vya birika visivyo na birika,
kioo cha taa ya lori, shingo za chupa za brandi,
vifungo vya koti la askari,
kokwa za aprikoti zilizopakwa vanishi.
Saa iliyokwama ilikuwa moja tu.
"Niliokota nyingi," alisema, "lakini zote zilisema neno lilelile."

Sikuona kitu. Niliona takataka zinazong'aa.
Nikarudi kinyumenyume kutafuta pa kuanzia kukata,
hatua kumi, kumi na tano, mpaka kisigino kikagonga reli,
ndipo meza ikanijia:
meza ndefu, imeandaliwa, kitambaa cheupe cha kaure,
viti vimesogezwa nyuma kidogo
kama kwamba watu wameinuka kwenda kufungua mlango.
"Ni ngazi yetu," alisema, wala hakugeuka.
"Familia kumi. Kila mtu anakula kwenye sahani yake.
Nilichakura kifusi misimu mitatu kuzipata."

Akaja mwanamke na mkate kwapani, Shoghik wa duka la viatu.
Kila siku alipita hapo. Siku hiyo akasimama.
"Hicho cha buluu," alisema.
Hakumaliza.
Haykanush akachukua patasi. Saruji ilikuwa bado mbichi,
kikang'oka kama jino la mtoto.
Shoghik akakivaa kidoleni, kishikio kisicho na kikombe,
akakizungusha kama pete, akaenda zake.
Mkate akausahau juu ya mtungi wangu.

Nikasema, "Pameharibika hapo. Nipe kipande, nikusaidie kuziba."
"Nani kakwambia pameharibika?
Hapo mtu amekuja kuchukua chake."

Nikamweleza ukweli: moto wangu ukigusa bati
saruji itapasuka, vitaanguka, vitavunjika tena.
"Vimezoea," alisema, akanikatia mkate.

Nilikata polepole mpaka giza,
ubavu mmoja, mzima mzima,
kama mtu anayefungua barua isiyo yake.
Tuliubeba wanaume wanane hadi nyuma ya jengo jipya,
tukauegemeza penye mapipa ya taka.
Njiani vilidondoka kumi na kimoja.
Watoto walitufuata wakiokota.
"Waache," alisema. "Nao wana kuta."

Karatasini, penye uzito, nimeandika wa chuma tu.
Penye mengineyo nimepiga mstari.
Na mfukoni nina kipande cheupe chenye ukingo wa dhahabu,
hakizidi ukucha. Sikukiiba.
Alikiona kikiingia, akanitazama mkono,
akaniuliza kama nyumbani kwetu kuna saruji.