Mtoto wa Jicho

Mavyaa wangu, Bi Mwanatumu, mkunga wa Mtongwe,
aliyepokea watoto wa mtaa mzima kwa mikono mitupu,
miaka sita akamlea mmoja asiyelia, asiyenyonya,
aliyemvutia pazia jeupe na kukataa kutoka.
"Huyu," akisema, "amekaa vibaya. Hageuki."

Nami ndiye niliyekuwa macho yake.
Nilimsomea barua, vibandiko vya dawa, bei ya nyanya.
Sikumsomea leso zangu.

Nilizichagua Mtaa wa Biashara, kwa makusudi,
kila donge liliponikaa kooni:
UTACHOKA KUULIZA, SITACHOKA KUNYAMAZA.
Nikamnywesha uji nimejifunga hiyo kiunoni,
naye akapapasa pindo, akasifu:
"Laini. Yasemaje?"
"Mungu ni mwema, mama."

Kisha madaktari wakaingia darasa la nne, kule Tudor,
wakayatandika madawati shuka za kijani;
ubaoni bado kulikuwa na hesabu za kugawanya.
Hawalipwi. Dakta Kerubo aliimaliza likizo yake humo,
wiki nzima Mombasa, bahari hajaikanyaga,
miguu imemvimba ndani ya malapa ya bafuni.
Mavyaa akabandikwa plasta juu ya jicho la kulia,
wasije wakakosea mlango.

"Dakika ngapi?"
"Kama kumi na tano."
"Uchungu?"
"Hakuna, mama."
Akacheka. "Basi umenishinda ukunga."

Usiku huo sikulala.
Nilizitoa leso sandukuni, nikazihesabu: kumi.
Ya kumi na moja sikukumbuka iliko.
Nikafikiria moto. Nikafikiria jirani.
Alfajiri nikavaa dera lisilo na neno,
nikaenda kumshika mkono kwenye foleni.

Kitambaa kikatoka.
Alitazama viganja vyake kwanza, huku na huku,
kama akaguaye kichanga.
Kisha akanitazama mimi. Kwa muda.
"Umekonda," akasema. "Hukuniambia."

Kwenye feri hakuzungumza, alisoma tu:
jina la sabuni, onyo la kutotema mate,
migongo ya wanawake, mmoja baada ya mwingine,
midomo ikimcheza kama mtoto wa chuoni.

Na uani, kwenye kamba, ile ya kumi na moja,
imekauka tangu juzi, herufi zote nje.
Alisimama mbele yake. Silabi kwa silabi.
Kuku akapita. Mimi nikatafuta pa kuweka mikono.

Akaianua, akaikunja mara nne.
"Hii pindo lake limefumuka," akasema.
"Niletee sindano.
Uzi nitautunga mwenyewe."