Boga na Ua Lake

Mbegu niliifukia Septemba, hapa Al-Khoudh,
nyuma ya nyumba, pale kiyoyozi cha chumba cha Mundhir
kinapodondosha maji: to, to, to.

Nyuki hawakuja. Nikaamka kabla ya adhana,
nikalipaka ua jike unga wa ua dume
kwa kijiti changu cha wanja.
Khalfan dirishani: "Unaozesha?"
Naozesha. Wewe lala.

Novemba lilikuwa kama sufuria ya watu kumi.
Desemba baridi ikaingia,
viyoyozi vyote vikazimwa
ila kimoja.
"Chumba kitupu, Zamzam! Bili hii ya nani?"
Mwana yuko Doha, mwaka wa tatu sasa.
Nikasema: boga lina kiu.

Walilibeba wanne, kwa blanketi.
Langoni likakwama, wakatoa bawaba.
Kilo themanini na saba, mizani ya mbuzi.
Mtaa mzima ukafuturu boga la nazi;
mbegu nimezianika, za mwakani.

Apendaye boga hupenda na ua lake.
Ua lipi, wahenga hawakusema.
Langu ni hili la saruji na majani makavu,
na tone linaanguka, to,
sijakizima.